Shahada ya kompyuta ya University of London nikiwa Mwanza: uzoefu wangu

Nimemaliza shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta ya University of London bila kukanyaga Uingereza. Nimeisomea Mwanza, huku nafanya kazi na nina familia. Watu hawaishi kuniuliza: ni kitu cha kweli? Kinalipa? Kwa yote mawili nasema ndiyo, ila si kwa kila mtu.

Nianze na ukweli wake, maana hapo ndipo wengi wanaposita. Mtu akisikia umesoma mtandaoni anawaza vyeti vya kununua. University of London imekuwa ikitahini watu walio mbali tangu 1858. Nelson Mandela alisoma sheria kwa chuo hicho akiwa mfungwa Robben Island, ingawa shahada yenyewe aliimalizia UNISA, chuo kikuu cha Afrika Kusini kinachofundisha kwa masafa. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, kilianza kama chuo kilichofungamana na London. Shahada hii ya kompyuta ilizinduliwa 2019: video na mazoezi yako kwenye Coursera, jukwaa la masomo ya mtandaoni, taaluma inasimamiwa na Goldsmiths, chuo kimojawapo ndani ya University of London, na anayetunuku ni University of London.

Sasa bei. Ukienda kusoma kompyuta Uingereza kwenyewe kama mwanafunzi wa kutoka nje, ada ya mwaka mmoja mara nyingi inapita pauni 15,000. Hapo hujagusa chumba, nauli, viza, wala tozo ya matibabu ya pauni 776 kwa kila mwaka. Shahada hii ilipozinduliwa, gharama ya masomo yote ilitangazwa kuwa kati ya pauni 9,600 na 17,000 kutegemea nchi unayoishi, na sisi wa nchi zinazoendelea tuko kundi la bei nafuu. Ada inapanda mwaka hadi mwaka, kwa hiyo usiingie kwa bei uliyosimuliwa na mtu, angalia ya mwaka wako. Na tusidanganyane: pauni moja ni zaidi ya shilingi 3,000, kwa hiyo hata ile ya chini ya wakati wa uzinduzi ni kama milioni 30 hivi. Si hela ya mchezo.

Kilichoniwezesha mimi ni namna ya kulipa. Shahada ina krediti (pointi za uzito wa somo) 360, yaani masomo 22 ya krediti 15 kila moja, halafu mradi wa mwisho wenye krediti 30. Unalipia masomo unayoyachukua muhula huo. Mihula ni miwili kwa mwaka, wa Aprili na wa Oktoba. Muhula ambao ada za watoto zilinibana, nilichukua somo moja. Nilipopata kazi ya ziada ya kufunga mtandao kwenye hoteli, nikaongeza masomo. Unaruhusiwa kuisoma kwa miaka mitatu hadi sita, na ukiishia njiani hutoki mikono mitupu: krediti 120 zina cheti chake, 240 zina diploma yake. Kwa mtu anayeishi kwa mshahara wa mwisho wa mwezi, utaratibu huu una thamani kuliko punguzo lolote la ada.

Jambo moja la kiutendaji: usilipe siku ya mwisho. Benki yangu iliyakataa malipo yangu ya kwanza kwa sababu kadi ilikuwa na ukomo mdogo wa manunuzi ya nje kwa siku. Nililazimika kwenda tawini wakanipandishia ukomo. Nenda benki mapema, waambie kabisa unalipa ada nje ya nchi.

Kuingia ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Wenye matokeo mazuri ya kidato cha sita wanaomba moja kwa moja. Mimi sikuwa na matokeo ya kujivunia kwenye hisabati, nikapita mlango wa pili: unaanza na masomo mawili, la kuandika programu na la hisabati, ukiyafaulu unaendelea na shahada. Mlango huu naupenda sana. Haukuulizi ulikuwaje ukiwa na miaka kumi na minane, unakuuliza unaweza nini sasa hivi. Ndugu zangu mafundi mliojifunza kwa kufungua na kufunga mashine za watu, mlango huu ni wenu.

Masomo yenyewe ni mazito kwa maana nzuri. Somo la kwanza la programu linatumia lugha ya JavaScript, na kazi yake kubwa ni mchezo unaoujenga kidogo kidogo: kijana anakimbia, anaokota vitu, anaruka makorongo. Mwezi mzima nilihangaika na korongo. Kijana wangu alikuwa akidumbukia kabla hajafika ukingoni. Nikaanza kuchapisha namba kwenye skrini, za kijana na za kingo za korongo, nikaziangalia zikibadilika kila anapopiga hatua. Ndipo nikaona kwamba mimi napima kwa kona ya kushoto ya mwili wake, wakati mchoro unamweka katikati. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja. Lakini tangu siku ile sijawahi tena kubahatisha hitilafu kazini. Naitafuta kwa namba. Nimefundishwa na mtu ambaye hajui kama nipo, na somo limeingia.

Mwaka wa kwanza una hisabati nyingi: seti, mantiki, grafu, uthibitisho. Wengi wanaoacha huachia hapo. Baadaye kuna lugha za programu za C++ na Python, hifadhidata, usalama wa mitandao, algoriti (hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta), halafu mwishoni unachagua mwelekeo wako. Kwenye masomo mengi alama zinagawanyika kati ya kazi unazowasilisha katikati ya muhula na mtihani wa mwisho. Usipuuze zile za katikati, ndizo zinazokubeba.

Sasa upande mgumu. Hakuna mhadhiri atakayekuuliza mbona hukuonekana wiki hii. Video imerekodiwa, maswali unayaandika, majibu yanakuja baadaye. Ukiachwa wiki mbili, kazi zinarundikana na hakuna wa kukushtua. Dawa niliyoipata ni wenzangu. Tulikuwa kikundi kidogo, mmoja Nairobi, mmoja Muscat, wengine Dar, tukikutana Jumapili usiku kwa simu. Tulikuwa tukielezana dhana, si kupeana majibu, maana wizi wa kazi unakaguliwa kwa ukali na adhabu yake si ndogo. Yule wa Nairobi ndiye aliyenielewesha rekasheni, yaani kipande cha programu kinachojiita chenyewe, baada ya video kushindwa.

Umeme na bando navyo vipange mapema. Video unaweza kuzipakua ukiwa kazini ukazitazama nyumbani bila intaneti, hilo linaokoa hela nyingi. Kwa mtihani nilihakikisha betri ya laptopu ni mpya na simu ina bando la mtandao mwingine tofauti na ule wa nyumbani. Umeme ulikatika kweli katikati ya mtihani wa algoriti. Niliendelea kuandika.

Nani asubiri? Mdogo wangu aliyetoka kidato cha sita juzi, mwenye nafasi ya chuo hapa nchini na mkopo, nilimwambia aende chuoni. Umri ule unahitaji wenzako darasani, maabara, na mtu wa kukukemea. Lakini kama una diploma, una kazi, na umegota kwa sababu kila tangazo linataka shahada, sijaona njia nyingine ya bei hii yenye jina la aina hii.

Kabla hujalipa, fanya jambo hili. Ajira za serikali na za taasisi kubwa zitakutaka uwe na utambuzi wa cheti cha nje, Tanzania ni kupitia TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Waandikie kwanza, watajie programu yenyewe na namna unavyoisoma, upate jibu la maandishi ulihifadhi.

Na wanaoniuliza kama inafungua mlango wa kuhamia Uingereza: hapana. Kusoma ukiwa nyumbani hakukupi viza ya mwanafunzi, na viza ya kubaki kufanya kazi baada ya kuhitimu wanapewa waliosomea kule kwa viza hiyo. Mimi sikuwa nikitafuta kuhama. Nilikuwa nikitafuta nafasi ya kuandika programu badala ya kubadilisha tona za printa, na kazi hiyo nimeipata, hapahapa Mwanza.