Zaidi ya mwaka na nusu ndani ya nyumba mpya Malindi: paa, chumvi na dhamana ya miezi 6

Kampuni iliyotuuzia nyumba nawapa nyota 2 kati ya 5. Ingekuwa 1, lakini paa walikuja kulirudia, na kazi ile ya pili waliifanya vizuri. Hiyo ni haki yao na siwanyimi. Jina la kampuni siliandiki kwa sababu kuna pesa bado tunawadai na tunazisubiri, na faili iko kwa wakili.

Tulinunua nyumba ya vyumba 3 katika mradi wa nyumba 12, nje kidogo ya Malindi, njia ya kwenda Gede. Bei ilikuwa shilingi milioni 6.2. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mume wangu anafanya kazi kwenye boti. Tuliuza ploti yetu ya Ganda, nyongeza tukakopa kwenye sacco, na makato ya mkopo huo yatakwenda miaka 10. Nayasema haya ili anayesoma ajue si pesa za mchezo. Usiku maji yanapodondoka sebuleni, mtu anayehesabu makato yake hapati usingizi.

Funguo tulipewa katikati ya Julai, mwaka juzi. Upepo wa kusi unavuma, jua kali, nyumba inanukia rangi mpya. Kijana wa kampuni alitutembeza kama dakika 20 na karatasi yake ya kukagua: tukafungua mifereji, tukafunga milango, tukawasha taa. Hakuna aliyepanda juu ya paa. Ngazi haikuwepo, na sisi hatukuiulizia. Tulitia sahihi, tukalipa salio lote siku ileile, kwa kuwa waliahidi kutupunguzia laki moja na nusu tukimaliza kulipa kabla ya kuhamia.

Mkataba ulisema kasoro yoyote itakayoripotiwa kwa maandishi ndani ya miezi 6 itarekebishwa kwa gharama ya muuzaji. Miezi 6 ilionekana mingi. Sasa mtu wa pwani na ahesabu: Julai mpaka Januari. Mvua kubwa zetu, masika, huanza Aprili na Mei ndiyo hukolea. Ina maana dhamana ile ilianza mvua zimekwisha na ikafa mvua hazijaanza. Paa la nyumba yangu lilitoka kwenye dhamana bila kuonja masika hata siku moja. Hili ndilo lililonifanya niketi niandike, maana wenzangu wengi wanauliza dhamana ni ya miezi mingapi na hakuna anayeuliza ni miezi ipi.

Kilichotuokoa ni vuli. Novemba ilinyesha mvua ya siku mbili, si kubwa, na pembeni mwa dari la sebule likatokea doa la rangi ya chai, upana wake kama sahani. Nikalipiga picha nikamtumia msimamizi wa mradi kwa WhatsApp. Akajibu, “Sawa mwalimu, fundi anakuja kesho.” Fundi alikuja baada ya siku 9, na alichobeba ni ndoo ya rangi nyeupe na brashi. Akapaka, doa likafichika, akaondoka. Juu hakupanda. Mimi niliridhika, ndio ukweli wenyewe, lakini picha na ule ujumbe sikuvifuta.

Masika yalipofika hapakuwa na doa tena, palikuwa na maji. Usiku mmoja wa Mei tuliweka ndoo 2, beseni na sufuria yangu ya pilau, na bado tulilazimika kumhamisha mtoto kutoka chumbani kwake kwa sababu godoro lilikuwa limelowa upande wa ukutani. Asubuhi nikapiga simu. Yule msimamizi akaniambia kwa upole kabisa, “Mama, ile dhamana iliisha Januari.” Nikamjibu, “Mwanangu, doa hili picha yake nilikutumia Novemba, na jibu lako ninalo.” Akanyamaza. Kisha zikaanza kesho. Kesho fundi anakuja, kesho mkubwa amesafiri, kesho inshallah. Wiki 11 za kesho, nimezihesabu kwenye kalenda ya jikoni.

Huku nyuma kuta nazo zilikuwa na lao. Kuanzia sakafuni mpaka kiunoni rangi ilianza kufanya malengelenge, ukigusa inapukutika, na chini yake unga mweupe. Kila nikifagia asubuhi, jioni umerudi. Jirani yetu ni mzee wa Kibajuni aliyejenga tangu ujanani, nyumba nyingi za mji huu zimepita mikononi mwake. Nilimwita aje anitazamie. Alichuchumaa pale ukutani, akakwangua ule unga kwa ukucha wa kidole gumba, akauweka kwenye ncha ya ulimi, akatema. “Chumvi, mwanangu. Huu ukuta unakunywa maji ya ardhini.” Akaniomba panga, akachokoa pale ukuta unapokutana na msingi. Alikuwa akitafuta ule mkeka mweusi wa polithini ambao mafundi huuita dipisi, unaolazwa juu ya msingi kabla ya kupandisha ukuta ili unyevu usipande. Sehemu 2 alizochokoa hakuuona. Sehemu ya tatu aliukuta, umekatika, umeishia katikati ya ukuta.

Mawe yetu ya matumbawe yanayokatwa machimboni yana vitundu vidogo vidogo, yanafyonza maji kama mkate kwenye chai. Maji yakipanda hupanda na chumvi yake, jua likikausha ukuta maji huenda zake na chumvi hubaki, inajikusanya nyuma ya plasta mpaka inaisukuma itoke. Ukipaka rangi juu yake umeifunika tu. Mzee aliniambia pia nitazame juu ya dirisha la jikoni. Kweli, palikuwa na ufa mwembamba unaofuata nondo, na kando yake mchirizi wa kahawia. Chuma kikishika kutu hutanuka, na zege haliwezi kutanuka nacho, kwa hivyo hupasuka. Alipogonga kwa nyundo kipande kilidondoka, na zege lililofunika nondo ile halikufika unene wa ncha ya kidole changu. Karibu na bahari hivi nondo inatakiwa ifunikwe zege la kutosha, na mchanga uwe wa mtoni, kama ule wa Sabaki, si wa ufukweni wenye chumvi yake ndani.

Nilipowapelekea haya yote kampuni, jibu lilikuwa kwamba hiyo ni “hali ya hewa ya pwani” na haimo kwenye dhamana. Jibu hili liliniuma kuliko maji ya sebuleni. Kwenye tangazo lao la mauzo kitu cha kwanza kilikuwa upepo wa bahari. Waliijua bahari walipokuwa wakituuzia. Na chumvi haikuja Malindi mwaka juzi. Nenda Gede pale, mji ulihamwa karne ya 17 na kuta za matumbawe na chokaa bado zimesimama msituni. Nyumba za mawe za Lamu watu wanazilala mpaka leo, wanazikarabati, wanazipaka chokaa upya. Hali ya hewa ni ileile waliyokuwa nayo wazee.

Kilichobadilisha mambo ni majirani. Nilikuwa nafikiri shida ni yangu peke yangu, mpaka siku moja mama wa nyumba ya nne akaniomba beseni. Jumapili iliyofuata tukakaa barazani kwangu na kahawa, tukahesabu: nyumba 7 kati ya 12 zinavuja. Wenye nyumba wengine wako Nairobi, mmoja yuko Saudia, tukawapigia simu. Tukachanga shilingi 5,000 kila nyumba, jumla 35,000, tukamwita mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, ili karatasi yake iwe na uzito.

Yeye ndiye mtu wa kwanza kupanda juu ya paa langu tangu tuhamie. Aliomba ndoo ya maji, akaimwaga katikati. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi, kichwa changu kiko sawa na paa, nikayaona maji yakitambaa taratibu kuelekea kona ya sebule, kinyume cha bomba la kutolea maji, yakafika, yakatulia. Bomba lenyewe lilikuwa vidole vitatu juu ya slabu, lile zege la paa. Yaani mpaka maji yafike kwenye bomba, lazima paa zima liwe bwawa kwanza. Paa bapa linatakiwa liinamie kwenye bomba, kama sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Ile lami ya kuzuia maji ilikuwa imepakwa mkono mmoja juu ya vumbi, akaivuta kwa vidole ikabanduka kama ukoko wa wali. Aliandika yote, na picha, kurasa 14.

Wakili alitufafanulia jambo ambalo nilikuwa silijui. Kipindi cha dhamana ni muda ambao muuzaji anawajibika kurudi kurekebisha kwa gharama yake. Kuisha kwake hakufuti mkataba. Sheria ya Kenya ya ukomo wa madai, Sura ya 22, inampa mtu miaka 6 kushtaki kwa kuvunjwa kwa mkataba. Na madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambako kesi haichukui miaka. Alituambia pia tuangalie nambari ya mkandarasi kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Jina lililokuwa kwenye ubao wa mradi lilikuwa limesajiliwa, lakini tulipouliza mafundi waliojenga, waliajiriwa na mtu mwingine kabisa, kazi ilishapitishwa mikono miwili. Hilo nalo likaingia kwenye barua.

Barua ya wakili, ripoti ya mhandisi, sahihi 7, na zile picha zangu za Novemba zenye tarehe. Wiki 11 za simu hazikuleta kitu. Barua ilijibiwa baada ya siku 10.

Agosti mwaka jana walikuja na mafundi wengine, waliojua kazi. Walibandua lami yote, wakamwaga saruji mpya yenye mwinamo, wakashusha bomba, wakalaza mkeka wa lami wa kuyeyushwa kwa moto na kuupandisha mpaka kwenye kuta za pembeni za paa. Kisha wakaziba bomba, wakajaza maji juu, yakakaa saa 48. Mume wangu aliamka mara tatu usiku kumulika dari kwa tochi. Lilikuwa kavu. Laiti wangefanya hivyo siku ya kutupa funguo, sisi tusingefahamiana na wakili.

Kuta walikataa kuzirekebisha. Makadirio ya mhandisi kwa nyumba yangu yalikuwa 390,000, tukabishana mpaka wakakubali 180,000 kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza limeingia, la pili tangu Novemba linasubiriwa. Kwa lile la kwanza yule mzee ameanza na ukuta mmoja wa sebule: amebomoa plasta mpaka kifuani, akaukatia ukuta dipisi mpya kipande kwa kipande, akauacha wazi ukauke msimu wote wa kaskazi, sasa anaupiga chokaa badala ya saruji ili upumue. Sebule yangu imekaa mawe matupu miezi mitatu. Wageni wanaona haya kuuliza.

Mengine yao ni mazuri, niyataje. Umeme haujawahi kusumbua. Milango ni ya mbao ngumu na imefungwa sawasawa. Mabomba ya ndani hayajavuja. Madirisha ya alumini ni mazuri ila skrubu zake zilikuwa za chuma cha kawaida, baada ya miezi 8 zote zilikuwa nyekundu, tumebadilisha wenyewe.

Kama unanunua kwao, au kwa mwingine yeyote huku kwetu, usimalize kulipa siku ya funguo. Mwambie wakili wako ashike hata asilimia 5 mpaka masika ipite. Peleka mtu wako juu ya paa na ndoo ya maji. Kila kasoro iandike siku hiyohiyo, na picha, hata kama fundi amekuahidi kwa mdomo na ni mtoto wa jirani yenu.

Dhamana mpya ya paa nimeikataa mara mbili kabla ya kutia sahihi. Ya kwanza walileta ya miezi 6, ya pili ya mwaka. Ninayo ya miezi 24 sasa, mpaka 31 Agosti mwakani. Ndani yake kuna masika mawili. La kwanza linaanza wiki chache zijazo, na kwenye dari, pale palipokuwa na doa, nimechora duara kwa penseli na kuandika tarehe.