Difragi ipi ununue kwa kompyuta ya nyumbani? Soma hapa kabla hujatoa hela

Juzi mdogo wangu kaniletea laptop yake, nzito balaa, unabonyeza faili unaenda kuinjika chai unarudi bado kaduara kanazunguka, na tayari alishalipia programu ya difragi mtandaoni, yaani ya kukusanya vipande vya faili vilivyotawanyika kwenye diski vikae pamoja. Kuifungua nakuta ndani kuna SSD, diski ya chipu tupu. Hela imeliwa bure, maana shida ilikuwa ni programu kibao zinazojiwasha zenyewe kila Windows ikiwaka, tukazizima jioni ileile.

Kwa hiyo kwanza jua una diski gani. Bonyeza kitufe cha Windows, andika dfrgui, kitafunguka kidirisha chenye diski zako na pembeni yake imeandikwa "Solid state drive" au "Hard disk drive". Ukikuta SSD usinunue kitu, haina sahani inayozunguka wala kichwa cha kukimbia huku na huku kutafuta vipande vya faili, ukiilazimisha difragi unaiandika upya bila faida na unaipunguzia umri tu. Windows yenyewe inaitambua inaifanyia TRIM, yaani inaiambia sehemu zipi zimeshafutwa, basi.

Kwenye HDD, yaani hiyo Hard disk drive ya sahani inayozunguka, ndo difragi ina kazi kweli, na mimi nazipanga hivi.

Ya kwanza ni hiyohiyo ya Windows. Ni bure, unayo tayari, inajiendesha kila wiki. Watu wanaidharau sababu haina yale maboksi ya rangi tuliyokuwa tunayakodolea macho enzi za Windows 98, lakini kazi inafanya.

Ya pili Defraggler, ya wale wa CCleaner, ile programu ya kusafisha kompyuta. Utamu wake unaweza kuchagua faili moja au folda moja tu badala ya kusubiri diski nzima, ila wenyewe wameiacha miaka mingi bila kuigusa.

Baada ya hapo Auslogics na Smart Defrag, nazo zina matoleo ya bure, ila ukiinstall soma kila ukurasa, usibonyeze next next kama unafukuzwa, toa tiki kwenye chochote usichokielewa.

Ya mwisho kwangu ni O&O Defrag ya Wajerumani. Sio mbaya jamani, inaweza hata kukupangia faili kwa majina au tarehe, ila ni ya kulipia na sioni mtu wa kuangalia muvi na kuandika CV anaihitaji ya nini.

Yoyote utakayochukua, acha nafasi tupu kama asilimia 15 na laptop iwe kwenye chaji.

Na hiyo hela ya programu? Ongezea ununue SSD. HDD ya laptop inasoma kama MB 100 kwa sekunde, SSD ya kawaida ya SATA (ile inayochomekwa palepale pa HDD) inagonga 500, hakuna difragi ya kukupa hiyo. HDD ya zamani mwambie fundi akuwekee kwenye kava la USB ujaze muvi zako, hiyo sasa ndo utaifanyia difragi, mara moja moja, usiku ukiwa umelala.