Simu ya Daraja la Kati kwenye Jua na Vumbi la Dodoma: Uzoefu Wangu

Nina duka la pembejeo mjini Dodoma, lakini sehemu kubwa ya kazi yangu hufanyika mashambani, kwa wakulima wa zabibu wa Mpunguzi, Mbabala na mara nyingine Mvumi, ambako huitwa kuangalia majani yaliyoshambuliwa na kushauri dawa ipi inunuliwe. Picha za mashamba, hesabu za wadaiwa na malipo ya wateja vyote vimo ndani ya simu. Hii ninayoieleza ni mpya, nimeitumia kwa wiki kadhaa mfululizo katika kiangazi hiki, na ni ya daraja ambalo wauzaji wetu huliita la kati: RAM ya GB 8, hifadhi ya GB 256, kioo cha AMOLED cha inchi 6.7, betri ya mAh 5,000 na chaja ya wati 45, kwa bei ambayo haikufika laki nane. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa mengi nitakayoyaeleza, mazuri na mabaya, yanazihusu simu karibu zote za bei hii, na atakayekwenda dukani anaweza kuyapima kwa simu yoyote atakayopewa mkononi.

Niliinunua hapahapa Dodoma, ingawa jamaa wengi walinisihi nishuke Kariakoo, hasa sasa ambapo treni ya SGR, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, inamwezesha mtu kwenda asubuhi na kurudi jioni. Bei za Kariakoo ni nafuu, hilo halina ubishi, lakini ukitoa nauli ya kwenda na kurudi nafuu yenyewe inabaki ndogo, na dhamana ya mwaka mmoja haikusaidii sana kama duka lililoitoa liko mbali. Kabla ya kulipa nilibonyeza *#06#, nikalinganisha namba ya IMEI iliyojitokeza, yaani namba ya utambulisho wa simu, na ile iliyochapwa kwenye boksi, kisha nikaituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu, ili kuona kama jibu litataja aina ileile ya simu. Muuzaji alinuna kidogo. Wananchi tulifundishwa utaratibu huo wakati simu bandia zilipozimwa, Juni 2016, na bado nawaona watu wanatoa laki kadhaa bila kuufuata.

Nianze na kioo, kwa sababu huko shambani ndicho kinachoamua kama simu inafaa au haifai. Tangazo linasema mwangaza wake unafika niti 1,800, lakini kipimo hicho cha kilele hupatikana kwenye sehemu ndogo tu ya kioo na kwa muda mfupi, kwa hiyo si mwanga utakaouona ukifungua picha ya jani saa saba mchana bila kivuli. Maandishi yanasomeka vizuri, tena bila kujikunyata chini ya kofia kama nilivyokuwa nikifanya na simu ya zamani yenye kioo cha LCD. Picha ni habari nyingine: sehemu zenye giza hufifia kabisa, na mkulima niliyetaka kumwonyesha tofauti kati ya jani lake na jani lenye afya huishia kuuona uso wake mwenyewe kwenye kioo. Hapo hatuna budi kusogea chini ya mti.

Tatizo kubwa kuliko hilo ni joto. Watengenezaji wengi huandika kwenye kijitabu kwamba simu itumike mahali ambapo hewa haizidi nyuzi joto 35, na hewa hiyo ni ya kivulini. Kuelekea Novemba, Dodoma hupita nyuzi 30 kivulini, na simu iliyoshikwa juani ikiwa na kava jeusi la mpira hupata moto haraka mno. Ikishapata moto hujilinda kwa kupunguza mwanga wa kioo yenyewe, hata kama mtumiaji ameusukuma hadi mwisho, yaani mwanga hupungua saa ileile unapouhitaji zaidi. Mara ya kwanza nilidhani kioo kimeharibika. Siku moja nilipokuwa nikirekodi video ndefu ya namna ya kupogoa mizabibu, kamera ilitoa onyo la joto na kujifunga kabla mzee niliyekuwa nikimrekodi hajafika mwisho wa mstari. Kwa sasa nalivua kava nikiingia shambani, narekodi vipande vifupi vifupi, na kati ya kipande na kipande simu hukaa kwenye mfuko wa shati upande wa kivuli.

Wenye pikipiki wanaoifunga simu kwenye usukani ili waione ramani nawapa angalizo jingine. Kamera za simu nyingi za sasa, hii ikiwamo, zina lenzi inayoning'inia na kusogea kidogo ndani yake ili kusawazisha mtikisiko wa mkono, na mtetemo mkali wa injini unaweza kuudhoofisha mfumo huo; Apple ilitoa tahadhari ya namna hiyo kwa wateja wake mwaka 2021. Barabara zetu za vumbi zina matuta ya kutosha. Simu yangu husafiri ndani ya begi, ikiwa imeviringishwa kitambaa.

Vumbi sasa. Sanduku limeandikwa IP54, na inafaa mnunuzi ajue tarakimu hizo zinasema nini. Ya kwanza inahusu vumbi na ya pili inahusu maji: 5 maana yake vumbi linaweza kuingia ila si kwa kiasi cha kuharibu kazi ya chombo, 6 ndiyo inayolizuia kabisa, na 4 ya upande wa maji ni kinga dhidi ya matone na mirusho, wala si ruhusa ya kuitumbukiza ndooni. Kwa Dodoma, ambako kiangazi chote upepo hubeba udongo mwekundu hadi ndani ya makabati, tarakimu ya kwanza ina uzito kuliko ya pili. Ndani ya simu sijaona dalili yoyote ya vumbi, na lenzi ziko safi. Tundu la chaji ndilo lililonisumbua: waya ulianza kulegea, ukiugusa chaji inakata, nami nikawa tayari kumlaumu aliyeniuzia. Nilipomulika kwa tochi nikakuta chini ya tundu pamejaa kitu kama udongo uliochanganyika na nyuzi za mfuko wa suruali, umegandamizwa na waya wenyewe kila nilipouchomeka. Niliizima simu, nikautoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao, na waya ukarudi kukaza kama siku ya kwanza. Sindano isitumike, kwa sababu chuma hukwaruza na kupinda zile pini ndogo za ndani. Matundu ya spika nayapitishia mswaki mkavu, na sauti, ambayo ni kubwa na ya kutosha kusikika dukani hata mashine ya kusaga ya jirani ikiwa inanguruma, haijapungua.

Alama ya kidole imewekwa chini ya kioo, na imenikera. Kisomaji cha aina hii humulika kidole kwa mwanga wa kioo na kukipiga picha, kwa hiyo jua kali likikipiga kutoka pembeni huchanganyikiwa. Kwangu mimi linaongezeka jambo la salfa. Wakulima wa zabibu hunyunyizia salfa ya unga dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa majani, na nikishaipima mezani vidole hubaki na ngozi kavu yenye vumbi la manjano lililojificha kwenye mistari ya kidole. Nagusa, inakataa, nafuta kwa suruali, inakataa, mwishowe naandika namba ya siri huku mteja akinisubiri nimtumie chenji yake. Nimesajili kidole gumba kikiwa kisafi na kidole hichohicho kikiwa na vumbi, kama vidole viwili tofauti, na angalau kukataliwa kumepungua.

Kamera ina majina mengi na kazi chache. Ile kuu inatajwa kuwa na megapikseli 50, lakini kwa kawaida huunganisha pikseli nne kuwa moja, hivyo picha inayohifadhiwa ni ya megapikseli kama 12.5, na hiyo inatosha kabisa kwa kazi yangu na kwa bando langu. Mwanga ukiwapo, inatoa jani lenye mishipa yote na kingo zake zote. Nilipotaka kupiga ubwiri unga kwa karibu, ule unga wa kijivu unaotambaa juu ya jani, nilijaribu lenzi ya vitu vidogo ya megapikseli 2 iliyotangazwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, na ikanipa doa lililosawazishwa kama plasta ya ukuta. Ni lenzi ya kujazia orodha. Kamera kuu, ukiivuta mara mbili na kusimama nyuma kidogo, inaonyesha mpaka chembe za unga, na picha hizo ndizo ninazowatumia wataalamu ninapokuwa na shaka. Rangi ya kijani huongezwa kuliko ilivyo, jambo ambalo huenda linapendeza kwenye picha za harusi lakini linapotosha kwa mtu anayetafuta jani lililoanza kugeuka njano. Kwenye mpangilio kuna sehemu ya kuzima maboresho hayo, na nimeyazima. Kamera ya mbele nayo ilikuja na kipamba-uso kimewashwa, kikiwageuza wazee wangu wa Kigogo kuwa watu weupe wasio na mikunjo. Mzee mmoja aliitazama picha yake akauliza huyo ni nani.

Kuhusu laini, trei ya simu hii ina nafasi mbili, na ya pili ni ya kuchagua: ama laini ya pili, ama kadi ya kuongeza hifadhi. Mfanyabiashara wa Tanzania mwenye laini moja tu simjui, kwa hiyo kadi imesahaulika na nimebaki na GB 256 za ndani, ambazo sehemu yake imeshachukuliwa na mfumo wenyewe. Zinatosha, mradi mtu azuie WhatsApp isihifadhi yenyewe kila video ya kila kundi. Laini zote mbili zinapokea simu vizuri, na menyu za malipo za nyota na reli hufunguka bila kukwama, ingawa simu huuliza kila mara laini ipi itumike hadi uipangie.

5G, ambayo ilianza kuwashwa nchini mwaka 2022, naipata mjini, na kwa kutuma picha nyingi kwa pamoja inaonekana tofauti yake. Nikishapita nje ya mji inashuka hadi 4G, na kwenye mabonde ya upande wa Mvumi simu hubaki ikiutafuta mnara kwa nguvu zote. Hapo ndipo betri huliwa. Siku ya dukani narudi nyumbani usiku nikiwa na zaidi ya theluthi ya chaji, lakini siku ya shambani, simu ikiwa imeshinda na joto na mtandao hafifu, jioni huwa inaelekea ukingoni pamoja na kwamba nimeigusa mara chache kuliko dukani. Kuiweka kwenye 4G peke yake kumesaidia, na pale pasipo na mtandao kabisa naizimia mawasiliano hadi nitoke bondeni.

Chaja ya wati 45 ilikuwa ndani ya boksi, jambo la kushukuru siku hizi, na kwa muda wa kunywa chai na chapati mbili chaji hupanda vya kutosha kumaliza siku. Kasi hiyo ni ya simu iliyopoa. Ukiichomeka ikiwa imetoka juani inajipunguzia kasi makusudi, kwa sababu joto ndilo linalozeesha betri za lithiamu upesi, nami nakubaliana nayo. Huiacha ipoe mezani kwanza, na kamwe siiweki kwenye friji kama kijana wangu wa dukani alivyopendekeza.

Upande wa programu ndipo nilipotamani kurudishiwa elfu hamsini. Simu ilikuja na michezo na maduka ya programu nisiyoyaomba, na mawili kati yake yalikuwa yakileta matangazo juu ya kioo hadi nilipoyazima moja moja kwenye mipangilio ya arifa. Tangu hapo imetulia, haigandi, na kuhama kutoka WhatsApp kwenda kwenye kikokotoo na kurudi hakuanzishi kitu upya. Kampuni imeahidi matoleo mapya ya Android kwa miaka mitatu. Hilo linakubalika kwa bei hii, ila anayetaka kukaa na simu muda mrefu ajue kwamba kuna wanaotoa zaidi: Samsung, kwa A36 na A56 za mwaka 2025, imeahidi miaka sita.

Kabla ya kununua nilimuuliza fundi ninayemwamini bei ya kioo, iwapo siku moja simu itaanguka. Alisema kioo cha AMOLED cha simu hii yeye hakiweki dukani, hukiagiza Dar es Salaam kwa oda, na bei aliyonitajia ilikuwa karibu nusu ya simu nzima. Cha bei rahisi kipo, lakini hicho ni cha LCD, ambacho juani kingenirudisha kulekule chini ya kofia na pia kingeua kisomaji cha kidole. Kwa hiyo protekta ya kioo na kava la kingo nene nilivinunua siku ileile, na wala sikubishana bei.