Nimenunua asilimia 40 ya fleti Uingereza: uzoefu wangu wa umiliki wa pamoja

Ndugu na jamaa huniuliza kama mpango wa umiliki wa pamoja hapa Uingereza ni njia ya kweli ya kupata nyumba. Mimi nimo ndani yake. Naishi na wanangu kwenye fleti ambayo asilimia 40 ni yangu na iliyobaki ni ya shirika la nyumba. Naona unafaa, ila kabla ya kusaini ikague zaidi ile sehemu ambayo hujainunua.

Chukua nyumba ya pauni 300,000. Ukiitaka nzima, dipoziti ya asilimia 10 ni pauni 30,000, kisha benki ikubali kukukopesha 270,000. Kwa mshahara mmoja wa kawaida, hilo halipo. Ukinunua asilimia 40, sehemu yako ni pauni 120,000 na dipoziti ni 12,000. Hapo ndipo mlango uliponifungukia. Nilikuwa nimechoka kupanga: mwenye nyumba akiamua kuuza, nahamisha watoto na shule juu. Sasa ukuta nikitaka kuupaka rangi naupaka, na maadamu nalipa ninachodaiwa, hakuna wa kuniambia nihame. Utulivu huo nauthamini sana, na ndio unaonifanya nisijute.

Kwa zile asilimia 60 unalipa kodi ya pango. Kwa kawaida huanzia asilimia 2.75 ya thamani yake kwa mwaka. Kwa mfano wetu ni kama pauni 412 kwa mwezi, nje ya rejesho la mkopo. Muuzaji atakuonyesha kiasi hicho, na ni kweli, lakini ni cha mwaka wa kwanza tu. Kodi hupanda kila mwaka kwa kanuni iliyoandikwa kwenye mkataba. Mkataba wangu ni wa zamani: mfumuko wa bei kwa kipimo cha RPI, halafu nusu asilimia juu yake. Oktoba 2022 RPI ilifika asilimia 14.2! Mashirika mengi yalikubali kwa hiari kuishia asilimia 7, langu likiwemo, na nilishukuru. Hata hivyo, asilimia 7 inaitoa 412 hadi 441, na mwaka unaofuata hesabu inaanzia 441. Mikataba mipya tangu Oktoba 2023 hutumia CPI, kipimo kingine cha mfumuko wa bei, na kuongeza asilimia 1, nafuu kidogo.

Kinachoniuma zaidi ni gharama za huduma za jengo. Namiliki asilimia 40, lakini fungu la fleti yangu kwa lifti, usafi wa ngazi, bima na mfuko wa matengenezo nalilipa lote mimi. Shirika halichangii hata peni. Mwaka mmoja lango la maegesho liliharibika, na kwenye bili likatokea mara mbili: mstari mmoja "matengenezo", mwingine "kazi ya dharura", tarehe ileile. Niliandika kudai risiti, maana sheria inakupa haki ya kuziona. Walinizungusha wee, mwishowe mstari mmoja ukafutwa. Majirani walikuwa wameshalipa bila kuuliza. Tafadhali, bili ikija isome mstari kwa mstari. Machi 2024 kamati ya Bunge la Uingereza ilitoa ripoti inayolalamikia mambo hayahaya: kodi inayopanda, gharama za huduma na mzigo wa matengenezo.

Kuna pia kupanda ngazi, yaani kuongeza sehemu yako. Unanunua kwa thamani ya leo, si ya siku uliyoingia. Nyumba ya 300,000 ikifika 330,000, asilimia 10 si 30,000 tena bali 33,000, na hapo hujamlipa mthamini wala wakili. Ripoti ya mthamini kwa kawaida huisha nguvu baada ya miezi mitatu, kwa hiyo benki ikichelewa unamlipa upya. Ndiyo maana sitaki kupanda kidogokidogo. Naweka akiba ninunue fungu kubwa kwa mkupuo.

Wanaoingia kwa mpango mpya ulioanza 2021 wamepata masharti bora kuliko sisi. Wanaweza kuanza na asilimia 10, kuongeza asilimia 1 kila mwaka kwa miaka 15 bila kumwita mthamini, na kwa miaka 10 ya mwanzo matengenezo ya msingi ya jengo jipya ni juu ya shirika. Mkataba wao ni wa miaka 990, wakati ya zamani mingi ilikuwa ya miaka 99 au 125. Kwa hiyo ukipenda nyumba inayouzwa na mkazi wa kabla yako, uliza kwanza iko chini ya mpango gani, na mkataba wake umebakiza miaka mingapi. Uliza pia bili za huduma za miaka mitatu iliyopita, uzipate kwa maandishi.

Na kwa wenzangu wenye ndoto ya kufunga mlango, kurudi nyumbani mwaka mzima na kuipangisha fleti ijilipe: mkataba kwa kawaida haukuruhusu kupangisha mpaka umiliki asilimia 100, au shirika likupe kibali maalumu. Niliomba kibali hicho mama alipougua, nikakataliwa, ikabidi niendelee kulipia nyumba tupu.