Kadi za grafiki za kununua Kampala: hesabu njia za PCIe kabla ya gigabaiti

Malalamiko ni yale yale, yatoke Ntinda, Mbarara au Gulu. Mtu kanunua kadi mpya ya grafiki, kaichomeka kwenye Dell OptiPlex au HP EliteDesk iliyotoka Ulaya, gemu linaonyesha wastani wa fremu 55 kwa sekunde, lakini akikata kona tu picha inaganda, inaruka, kisha inaganda tena. Muuzaji anamwambia aongeze RAM. Anaongeza, na hali haibadiliki. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye jambo ambalo matangazo ya madukani hayaligusi kabisa: idadi ya njia za PCIe, yaani njia za data zinazoiunganisha kadi na mazabodi (bodi kuu ya kompyuta).

Kwa hiyo hapa sipangi kadi kwa gigabaiti zake, wala kwa feni, wala kwa taa. Nazipanga kwa namna zitakavyofanya kazi ndani ya mashine za mtumba zinazouzwa Kampala Road na Wilson Road, ambazo nyingi ni za PCIe 3.0, toleo la zamani kuliko 4.0.

Sloti ndefu ya mazabodi ina njia 16. Njia moja ya PCIe 3.0 hupitisha takriban gigabaiti 1 kwa sekunde, ya 4.0 hupitisha mara mbili yake. Kadi nyingi za bei ya chini na ya kati za miaka hii zina umbo la kujaza sloti nzima, lakini zimeunganishwa njia nane, nyingine nne tu. Mtengenezaji amechukulia kwamba una PCIe 4.0, ambako njia nane zinatosha. Wewe huna. Prosesa za Intel za mezani, kuanzia kizazi cha 3 hadi cha 10, huishia 3.0, na zile za kizazi cha 2 kama i5-2400 ni 2.0. Upande wa AMD, mazabodi za A320 na B450 ni 3.0, na Ryzen 5 5600G hubaki 3.0 hata ukiiweka kwenye mazabodi ya B550.

Madhara huonekana pale kumbukumbu ya kadi inapojaa. Gemu huanza kuchota tekscha (picha zinazovishwa juu ya vitu vya mchezo) kutoka RAM ya kompyuta kupitia njia hizo. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7. Katika muda huo njia nne za 3.0 hupitisha megabaiti kama 66. Njia 16 hupitisha zaidi ya 260. Fremu moja ikihitaji megabaiti 150, kadi ya njia nne itangoja karibu milisekunde 38, muda wa fremu mbili na ushei. Huko ndiko kuganda kwenyewe. Wastani hauonyeshi kitu hiki, kwa sababu sekunde zilizobaki zinakifunika. Tazama fremu za asilimia 1 ya chini, yaani kasi ya zile fremu chache zilizochelewa zaidi: zinaonekana kwenye RivaTuner inayokuja pamoja na MSI Afterburner. Wastani wa 55 ambao asilimia 1 yake ya chini ni 15 ni mbaya kuliko wastani wa 45 ambao asilimia 1 yake ya chini ni 38.

Nina upande, nao ni NVIDIA. Kadi zake zote za RTX zina DLSS, inayochora picha kwa ukubwa mdogo kisha kuikuza vizuri, na kisimbaji chake cha video hurekodi mchezo bila kuilemea prosesa ya zamani. Kwenye i5 ya kizazi cha 4, nafuu hiyo unaiona wazi.

Nafasi ya kwanza ni RTX 3060 ya GB 12. Njia zote 16 zipo, basi ya kumbukumbu (upana wa njia kati ya chipu ya kadi na kumbukumbu yake) ni biti 192, na GB 12 zinafanya uhitaji wa kuchota nje kuwa nadra kwenye skrini ya 1080p. Inakula wati 170 na NVIDIA inashauri pawa saplai ya wati 550. Jihadhari: ipo pia 3060 ya GB 8 yenye basi ya biti 128. Boksi linafanana, jina ni lile lile, kasi si ile. Muuzaji akikwambia “hii na ile ni kitu kimoja”, ondoka.

Ya pili ni RTX 2060 ya GB 6, na ikikosekana, GTX 1660 Super. Zote mbili zina njia 16 na basi ya biti 192. Hii ya 1660 Super haina DLSS, lakini inatosheka na wati 125. Utazipata za mtumba, na nyingi zilichimba sarafu za kidijitali, kwa hiyo sikiliza feni, na uiache ifanye kazi nzito hadi ipate joto kwa dakika 20 kabla ya kutoa pesa.

RX 6600 ya AMD naiweka ya tatu. Chipu yake inakaribiana sana na ya 3060, inakula wati 132 tu na ina GB 8. Lakini ina njia nane. Ukishusha tekscha daraja moja ili GB 8 zisijae, itakuhudumia vizuri hata kwenye 3.0. Ukikaza kila kitu juu, itaganda. RTX 4060 ina kasoro hiyo hiyo, njia nane na GB 8, ingawa ni ya kasi zaidi. Mwenye mazabodi ya 4.0 aipandishe hadi nafasi ya kwanza. Usishawishiwe na fremu za ziada zinazobuniwa na DLSS 3: namba kwenye skrini hupanda, ila mkono wako hausikii wepesi huo, na zinakula kumbukumbu zaidi.

Kwa mwenye kasha dogo la ofisini, kadi ni moja tu: RTX 3050 ya GB 6, wati 70, toleo la kimo kifupi (low profile). OptiPlex 9020 ndogo ina pawa saplai ya wati 255 na haina waya wa kulisha kadi. Usikubali kuuziwa waya wa kugeuza SATA (plagi ya umeme wa diski) kuwa pini 8 (plagi ya kulisha kadi). Plagi ya SATA imepimwa wati 54 kwenye volti 12. Pini 8 inaruhusu kadi kuvuta 150. Plastiki inayeyuka, na fundi aliyekuuzia atasema ni umeme.

RX 6500 XT na RX 6400: njia nne, GB 4. Usinunue kwa mashine ya 3.0. Kuhusu GTX 1050 Ti za bei ya kushangaza, fungua GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi. Nyingi ni chipu kuukuu zilizobadilishwa BIOS (programu ya ndani ya kadi) ili zijitaje kwa jina hilo, na programu hiyo huandika FAKE mbele ya jina.

GPU-Z hiyo hiyo ndiyo ya kuhesabia njia. Soma mstari wa Bus Interface, bofya alama ya kuuliza pembeni ili kadi ianze kazi, maana ikipumzika hushuka hadi 1.1 na kukudanganya. “x8 4.0 @ x8 3.0” maana yake kadi ni ya njia nane za 4.0, na hapa inapata nane za 3.0. Kadi ya njia 16 ikisoma x4, huenda imechomekwa sloti ya chini, ambayo kwa macho ni ndefu lakini mara nyingi ina nyaya za njia nne tu. Ihamishie ya juu.

Kinachoudhi zaidi ni bei. Dola ikipanda asubuhi, kadi imepanda kabla ya saa sita. Shilingi ikipata nguvu, unaambiwa mzigo uliingia kwa bei ya zamani. Kisha inaongezwa VAT ya asilimia 18 juu ya bei mliyokwisha kupatana. Kama ni VAT, dai risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato URA, hapo hapo. Hakuna risiti, hakuna asilimia 18. Na ndani ya risiti iandikwe jina lote: chipu, GB, biti za basi na namba ya kadi, pamoja na siku za kuirudisha. “GPU 8GB” peke yake haitakusaidia utakaporudi na kadi isiyo ile uliyoomba.