Tovuti ya Stanford ya alama za shule za Marekani: nimeitumia, naipa nyota nne

Kila mwaka shule zikifunguliwa, wilaya yetu ya shule hapa Marekani hututumia kipeperushi cha rangi chenye mshale unaopanda. Mwaka juzi mshale ulipanda kwelikweli: waliofaulu Hesabu wameongezeka! Nilishangilia na wenzangu, mpaka mwalimu mmoja akaninong'oneza mlangoni kwamba mtihani wenyewe ulibadilishwa. Mtihani mpya, alama mpya ya kufaulu, grafu ile ile. Ni sawa na kumpima mtoto kwa futi mwaka huu, mwakani kwa shubiri, halafu useme amerefuka.

Katika kutafuta nikaikuta tovuti ya Educational Opportunity Project ya Chuo Kikuu cha Stanford, mradi wa Profesa Sean Reardon. Ni ya bure. Kila jimbo lina mtihani wake, kwa hiyo wao wameyaweka matokeo yote kwenye mizani moja kwa kutumia NAEP, mtihani wa sampuli unaofanywa nchi nzima. Kisha wanayaeleza kwa madarasa. Nikiambiwa watoto wako nusu mwaka nyuma ya wastani wa taifa, sihitaji mkalimani.

Uzuri wake hasa ni kwamba inatenganisha mambo matatu ambayo kipeperushi huyakoroga pamoja: watoto wana alama gani, wanajifunza kiasi gani kila mwaka wanapopanda darasa, na je, wa sasa wanawazidi waliowatangulia? Chicago ndiyo iliyonifumbua macho. Ukitazama wastani peke yake utahamisha mtoto kesho. Lakini Reardon alionyesha mwaka 2017 kwamba kati ya darasa la tatu na la nane, watoto wa pale walikuwa wakipiga hatua ya miaka 6 ndani ya miaka 5.

Nikafungua wilaya yetu. Wastani uko juu, wa kujivunia. Nikabonyeza upande wa kujifunza kwa mwaka: kawaida tu, katikati kabisa. Yaani watoto wetu wanafika darasa la tatu wameshaiva, na wilaya inawapeleka kwa mwendo wa kila mtu. Ule mshale ulikuwa unajisifia kazi ya akina mama, walezi na walimu wa chekechea. Nilicheka peke yangu, kicheko cha hasira kidogo.

Nyota ya tano nimeibana kwa sababu data ni za kusoma na Hesabu tu, darasa la tatu hadi la nane. Mwenye kijana wa sekondari hana chake hapa. Tena mwaka 2020 mitihani ya majimbo ilifutwa kwa sababu ya korona, kwa hiyo grafu zina pengo. Na ukiona wilaya yako imeporomoka baada ya hapo, usimvamie mkuu wa shule kabla hujatazama taifa: kwenye NAEP, Hesabu ya darasa la nane ilishuka pointi 8 kati ya 2019 na 2022. Shule yenye watoto wachache nayo usiihukumu kwa mwaka mmoja; watoto watatu wakiugua siku ya mtihani, mstari unayumba.

Kikao cha wazazi ni mwezi ujao. Nimeshachapa grafu mbili, ile yao na hii, na nimekata shauri kukaa mstari wa mbele.