Yamaha FS800: gitaa dogo lililomfaa mwimbaji wa alto

Gitaa hili silipimi kama mtu anayepiga peke yake sebuleni. Kazi yangu ni kumpigia dada yangu mkubwa, na anayesikilizwa ni yeye. Sisi ni watoto wa kambi, tumekulia Jinja kwenye nyumba za askari, na nyimbo zake karibu zote ni za Kiswahili. Tunaimba kwenye harusi, na wikendi kwenye mahoteli ya kando ya mto. Sauti yake ni alto, yaani sauti nzito ya kike, tena ya chini na yenye pumzi nyingi, na hapazi sauti hata umlipe.

Tulilokuwa tukilitumia lilikuwa la plaiwudi, tena la kuazima, na mwenyewe alianza kulitaka. Tukapanda teksi mpaka Kampala. Dukani yalining'inia mawili ya Yamaha yenye bei zinazokaribiana, FG800 na FS800. Mbao ni zilezile: uso wa sprusi wa ubao mzima, mgongo na mbavu za nato au okume. (Kwa gitaa lolote, chungulia ukingo wa tundu la katikati. Mistari ya mti ikishuka kutoka juu mpaka ndani bila kukatika, uso ni ubao mzima. Ukiona tabaka tabaka, ni plaiwudi, hata muuzaji aape.) Tofauti yao ni umbo. FG800 ni dreadnought, lile umbo pana la mabega mazito ambalo kampuni ya Martin ya Marekani ililitengeneza kwanza mwaka 1916 na likapewa jina la manowari ya Waingereza. FS800 lina mwili mdogo zaidi, kiuno kimebana, na urefu wa uzi unaolia ni milimita 634 badala ya 650.

Muuzaji alianza na FG800, akaliparuza kwa nguvu, na duka zima likageuka. Sikatai, likipigwa lenyewe linamshinda mdogo wake waziwazi. Linanguruma. Nikamwambia dada, haya, imba. Muuzaji akacheka, nadhani hajazoea wateja wanaoimba kati ya spika na vinanda. Dada akaanza ubeti, na kwenye mstari wa chini kabisa maneno yake yakazama. Alipoona hajisikii akaanza kusukuma sauti, shingo ikamkaza. "Wewe, mbona unanifukuza?" akaniuliza. Nilikuwa napiga kwa vidole, taratibu kabisa.

Nikachukua FS800, wimbo uleule, mkono uleule. Safari hii aliimba bila kusukuma, ameegemea kaunta.

Sababu yake inaonekana kwenye namba. Nyuzi za gitaa, kuanzia nene, hulia kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 82, 110, 147, 196, 247 na 330. Alto huanzia karibu hezi 175, kwa hiyo sauti za chini za dada yangu zinaangukia palepale zilipo nyuzi tatu nyembamba. Zile tatu nene ziko chini yake, na sanduku pana huzivimbisha. Uvimbe huo ukipanda kidogo, unafunika maneno yake. Mwimbaji wa soprano, sauti ya juu ya kike, hana shida hiyo. Yeye yuko juu, na besi nzito inampa sakafu ya kusimamia. Ndiyo maana swali la "gitaa gani ni zuri" halina jibu mpaka ujue nani anaimba.

Kipimo tulichokiamini zaidi hakikutoka kwangu wala kwa muuzaji. Anayepiga husikia gitaa kutoka juu, na anayeimba husikia kichwa chake mwenyewe. Tulimwomba askari wa mlangoni asikilize kutoka pale alipokaa na bunduki yake. Kwa FG800 alishika kiitikio tu. Kwa FS800 alitusimulia kisa chote, pamoja na mume aliyekimbia, akamlaani.

Kasoro zipo. Nyuzi zilikaa juu mno kutoka kiwandani, ikabidi fundi apunguze kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi juu ya uso wa gitaa. Ukiliparuza kwa nguvu, sauti inabana na haipandi tena, kwa hiyo kwenye harusi yenye ngoma usilitegemee. Halina kipaza sauti cha ndani, ukikitaka tafuta FSX800C. Sisi tunaweka maikrofoni ya kawaida ikielekea pale shingo inapokutana na mwili. Ukiielekeza kwenye tundu, utapata mvumo ule ule tuliokuwa tunaukimbia. Na umeme ukikatika, jambo ambalo hapa halihitaji maelezo, kwenye ukumbi wa watu wachache tunaendelea bila kitu.

Nyuzi zilizokuja nalo niliziondoa. Nimeweka za fosfa bronzi, seti ambayo uzi wake mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.011. Zile za bronzi ya kawaida hung'aa zaidi zikiwa mpya, na mng'ao huo ulikuwa unagombana na pumzi ya dada kwenye herufi za "s" na "sh". Zifute kila ukimaliza kupiga. Jasho na unyevu wa ziwani huzishikisha kutu upesi.

Jambo jingine ni kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye shingo ya gitaa ili zilie juu zaidi. Dada huimba vizuri kwenye ufunguo wa A. Nikipiga vidole vya G (yaani mkao wa vidole wa ufunguo wa G) na kapo kwenye freti ya pili, vile vijichuma vya shingoni, ninapata A, lakini gitaa bado liko chini kwake. Nikiweka kapo freti ya tano na kupiga vidole vya E, wimbo unabaki A ileile, ila gitaa lote linapanda na kumwachia nafasi. Kwenye FS800 kapo ya tano bado inalia wazi. Kwenye lile la plaiwudi ililia kama kopo.

Mwenye soprano nyembamba, au anayeimba mbele ya ngoma, achukue FG800 bila kusitasita. Alto, na wanaume wa sauti ya kati wanaosimulia zaidi kuliko kupaza, waanze na FS800, na waende dukani na koo lao. Letu lilikuja bila begi. Bei ya begi nayo ombeni ipunguzwe kabla hamjatoa pesa ya gitaa, maana ukishalipa hakuna anayekusikiliza.